Mdundo wa Kitufe: Tuuondoe au Tuupuuze?

Kidole kinabonyeza kitufe mara moja, kompyuta inahesabu mara tano. Kosa si la kidole. Ndani ya kitufe vipande viwili vya chuma hugongana, navyo hudunda kama mpira uliodondoshwa sakafuni: hugusana, huachana, hugusana tena kwa nguvu inayopungua, hadi vitulie. Yote hayo huisha ndani ya milisekunde chache, muda ambao kwa binadamu si kitu, ila kwa kompyuta ni mwingi mno. Altair 8800 ya mwaka 1975, iliyoendeshwa kwa swichi za paneli yake ya mbele, ilikuwa na prosesa ya Intel 8080 yenye mapigo milioni 2 kwa sekunde, yaani 2,000 katika kila milisekunde. Swichi ya kusogea hadi anwani inayofuata ya kumbukumbu ingeachwa idunde hivi hivi, mtumiaji angeruka anwani kadhaa bila kukusudia. Ndiyo maana paneli ile iliwekewa saketi za kuugeuza kila msukumo kuwa pigo moja.

Tukio hili linastahili kuitwa mdundo, wala si mtetemo. Uzi wa gitaa hutetemeka bila kukatika. Kinachomsumbua fundi hapa ni kule kugusana na kuachana, na kudunda ndiko kunakobeba maana hiyo. Kwamba ngoma nayo ina mdundo si kikwazo, kama ambavyo hakuna anayechanganya kipanya cha kompyuta na mnyama.

Ugumu uko kwenye kuipa jina dawa ya mdundo. Istilahi ya Kiingereza humaanisha kuondoa mdundo, na mfasiri mwenye haraka ataifuata. Lakini hakuna kinachoondolewa. Programu huona badiliko, hungoja, tuseme milisekunde 20, kisha husoma tena; hali ikiwa ile ile ndipo huamini. Hata kapasita ikitumika badala ya programu, chuma hudunda vile vile. Kinachofanyika ni kupuuza mdundo, na hilo ndilo jina lake la haki. Atakayesema kupuuza kunanuka uzembe akumbuke kwamba mwenye busara hupuuza uvumi mpaka apate hakika. Mwanafunzi aliyefundishwa kuondoa atatafuta kitufe kisichodunda. Aliyefundishwa kupuuza atauliza swali lenye faida: kwa muda gani? Ukiwa mfupi mno, mdundo utapenya. Ukiwa mrefu mno, mibonyezo miwili ya haraka itahesabiwa kuwa mmoja.