Koltani na kasiterite: juu ya nini maji peke yake hayatoshi

Kwenye machimbo ya Rubaya, Masisi, kazi ya kwanza ni ya maji na karai. Mchanga wa kawaida una uzito wa mara 2.65 hivi kuliko maji. Kasiterite, jiwe linalotoa bati, inafika karibu 7. Karai likizungushwa, maji yanabeba mchanga, madini mazito yanabaki chini.

Shida inaanza hapo. Koltani nayo ni nzito, kati ya 5 na 8. Inalala na kasiterite fasi moja, zote nyeusi-nyeusi, na hata mzoefu jicho linamdanganya.

Kinachozitenganisha ni sumaku. Koltani ina chuma na manganizi ndani, kwa hiyo sumaku kali inaivuta. Kasiterite safi haivutwi. Lakini sumaku ya spika ya redio haiwezi kazi hiyo: itaokota mchanga wa chuma tu. Inahitajika mashine ya sumaku ya umeme. Madini yanasagwa, yanakaushwa vizuri (punje zenye maji zinashikana), kiisha yanapita kwenye mkanda chini ya sumaku. Kwa nguvu ndogo kinatoka chuma. Nguvu ikiongezwa, inatoka koltani. Kasiterite inaendelea na safari yake.

Mchimbaji wa kawaida hana mashine hiyo. Na kwa kawaida kilo ya koltani inapita bei ya kasiterite. Basi anayeuza mchanganyiko analipwa kwa makadirio ya mnunuzi, na mizani haitamsaidia, maana inapima uzito tu.