Ushauri wa Kiwewe Kibera: Kazi Iliyokua Janga kwa Janga

Huduma ya kuwasaidia watu waliopatwa na kiwewe katika mtaa wa Kibera, Nairobi, ilikua janga kwa janga. Bomu la 1998 liliwatoa madaktari wa akili hospitalini na kuwafikisha redioni. Ukimwi ulizaa kizazi cha kwanza cha washauri wa vituoni, kesi za ubakaji zikaleta miongozo na fomu, na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zikamvuta jirani wa kawaida katika kazi hiyo. Kwa muda wa miaka 25 hivi maarifa yalihama kutoka kwa mtaalamu mmoja aliye mbali hadi kwa mkazi wa kijiji aliyefunzwa kwa siku chache, naye akalazimika kuyapatanisha na maisha ya mahali ambapo chanzo cha kiwewe mara nyingi kingali mtaa wa pili.

Mfano mmoja ni Soweto East, mojawapo ya vijiji vya Kibera, upande wa barabara ya Mbagathi na Bwawa la Nairobi. Kibera yenyewe ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza ekari 4,197 kuwa eneo lao. Baada ya uhuru walifika wahamiaji wengi kutoka Nyanza, Magharibi na Ukambani, wakapanga vyumba vya udongo na mabati. Kwa kuwa ardhi ilihesabiwa kuwa ya serikali, mwenye nyumba hakuwa na hati na mpangaji hakuwa na uhakika wa kulala hapo mwakani. Kubomolewa, moto na ugomvi wa kodi viliingia katika hesabu ya maisha. Mapigano yalizuka mwaka 1995 baina ya Waluo na Wanubi, na mwishoni mwa 2001 yakazuka tena kati ya wapangaji na wenye nyumba kuhusu kiwango cha kodi, watu wakauawa.

Wakati huo msaada wa kwanza ulikuwa wa wenyeji wenyewe. Penye msiba, majirani walikesha na wafiwa, chama na harambee vikachanga nauli ya kusafirisha maiti hadi nyumbani mashambani, na kanisa au msikiti ukatoa neno la faraja. Utaratibu huo ulibeba vizuri huzuni ya kifo. Ulishindwa na mambo yanayofichwa kwa aibu au hofu, kama vile ubakaji, kipigo cha mume, mateso ya polisi au ugomvi ambao mkosaji ni jirani aliyekaa kwenye matanga hayohayo. Mambo hayo ndiyo yaliyohitaji msikilizaji wa aina nyingine.

Nairobi ilikuwa na wasikilizaji wachache wa aina hiyo. Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa 1910, ilihudumia wagonjwa wa akili waliozidiwa. Kituo cha Amani kilianza kutoa ushauri na kufundisha washauri mwaka 1979, mwaka mmoja kabla ya chama cha madaktari wa akili wa Marekani kuuandika kwa mara ya kwanza ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe katika orodha yake rasmi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikaundwa chama cha washauri wa kitaalamu wa Kenya, ambacho nacho kilifundisha. Katika miaka hiyohiyo shirika la IMLU lilianza kuwatibu na kuwatetea walioteswa na vyombo vya dola. Vyumba vya mateso vya jengo la Nyayo House vilikuwa vimeacha watu wenye majeraha ambayo picha ya eksirei haiyaonyeshi. Huduma hizi zilikuwa mjini. Mkazi wa Soweto East alizihitaji, lakini nauli, ada na ugeni wa kazi yenyewe vilimweka mbali nazo.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya jiji. Watu 213 walikufa Nairobi na wapatao 5,000 wakajeruhiwa, wengi wao wapita njia, makarani na wachuuzi waliotoka mitaani asubuhi kutafuta riziki. Daktari wa akili Frank Njenga na wenzake waliunda mpango ulioitwa Operation Recovery. Uchunguzi wao wa watu 2,883 walioathiriwa ulionyesha kwamba asilimia 35 walikuwa na dalili zinazolingana na ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe. Wagonjwa wa idadi hiyo hawangetoshea katika kliniki zote za nchi, kwa hiyo redio na televisheni zilitumiwa kueleza kwamba kukosa usingizi, kushtuka kwa kishindo cha mlango na kuona tena tukio kichwani ni jambo linalowapata wengi baada ya mshtuko. Kumweleza mtu kinachomtokea mwilini na akilini, kwa lugha anayoielewa, kulibaki kuwa hatua ya kwanza ya kila mafunzo yaliyofuata.

Njia nyingine iliyopendwa duniani wakati huo haikudumu. Waokoaji na majeruhi walikusanywa siku chache baada ya tukio wakaombwa kusimulia yote kwa kikao kimoja. Tafiti za miaka iliyofuata zilionyesha kwamba kikao hicho kimoja hakizuii ugonjwa, na kwamba wengine hutoka wameumia zaidi, na Shirika la Afya Duniani likashauri kisitumiwe. Kanuni mpya ilikuwa kutomlazimisha mtu kusimulia.

Ukimwi ulijaza pengo la watumishi. Serikali ilitangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na kuanzia 2001 vituo vya ushauri na upimaji wa hiari (VCT) vikaenea nchini. Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi Kibera kwa takriban miaka 20 hadi 2017, na kuanzia 2003 walitoa dawa za kurefusha maisha bila malipo. Mshauri wa VCT alijifunza mambo ambayo baadaye yalihamia katika ushauri wa kiwewe: kutunza siri, kuomba ridhaa kabla ya kila hatua, kumpa mtu habari mbaya bila kumkimbiza, na kumuuliza atarudi kwa nani jioni hiyo. Kwa wakazi wengi huyo ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuitwa mshauri waliyewahi kuketi naye ana kwa ana.

Ubakaji ndio uliounganisha ushauri na kiwewe moja kwa moja. Hospitali ya Wanawake ya Nairobi ilifunguliwa 2001 ikiwa na kituo cha kuwatibu waliodhulumiwa kijinsia bila malipo. Mwaka 2004 wizara ya afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kuwahudumia waliobakwa, na Sheria ya Makosa ya Ngono ikapitishwa 2006. Shirika lililoitwa wakati huo Liverpool VCT lilichangia sana kuunda huduma hiyo katika hospitali za umma. Uhitaji wake ulikuwa wa saa na siku: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi (PEP) huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28, na mwanamke aliyezongwa na hofu huziacha njiani. Kwa hiyo mshauri wa kiwewe akawa sehemu ya tiba yenyewe, si nyongeza. Fomu ya huduma baada ya ubakaji (PRC) ilirekodi maelezo na ushahidi mahali pamoja, ili aliyedhulumiwa asirudie kisa chake mbele ya karani, muuguzi, daktari na polisi kwa zamu.

Ndani ya Kibera, shirika la Carolina for Kibera lilianzishwa 2001 na Salim Mohamed, muuguzi Tabitha Atieno Festo na Mmarekani Rye Barcott, na zahanati yake ikapewa jina la Tabitha baada ya kifo chake. Kituo cha Binti Pamoja, kilichoanza 2002, kiliwapa wasichana kamera, maigizo na kalamu. Msichana asiyeweza kutamka lililompata aliweza kupiga picha ya kichochoro anachokiogopa, na mazungumzo yakaanzia hapo. Njia hiyo iliwafaa vijana kuliko maswali ya moja kwa moja ya ofisini.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Kibera iliwaka. Soko la Toi liliteketezwa, reli ikang'olewa, na waliofukuzwa makwao wakapiga kambi uwanja wa maonyesho wa Jamhuri. Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo ilihesabu vifo 1,133 nchini, na ikaeleza visa vya ubakaji ambavyo baadhi vilitendwa na maafisa wa usalama wenyewe. Mashirika, makanisa na Msalaba Mwekundu walileta washauri, lakini hali ilivuruga kanuni za vitabuni. Mshauri na mwathiriwa waliweza kuwa wa jamii zinazopigana. Mshauri mwenyewe aliweza kuwa amechomewa nyumba. Aliyebakwa aliweza kurudi kupanga chumba mita chache kutoka kwa aliyembaka, na kituo cha polisi hakikuwa kimbilio. Kina mama walioongozwa na Jane Anyango waliandamana na kuunda kundi la amani la wanawake wa Kibera, na redio ya kijamii ya Pamoja FM, iliyoanza 2007, ilitumika kutuliza wakazi. Haki ilichelewa sana: ni Desemba 2020 tu ambapo Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ilishindwa kuchunguza ubakaji wa kipindi hicho, na kuwapa walalamikaji wanne fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja.

Mwaka 2007 mashirika ya kimataifa yalikuwa yametoa mwongozo wa pamoja uliopanga msaada kwa ngazi: usalama, chakula na makazi kwa wote; kisha familia na jamii; kisha msaada mahususi; na tiba ya kitaalamu kwa wachache. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walichapisha kitabu cha huduma ya kwanza ya kisaikolojia, chenye hatua tatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Mwalimu, shehe, kiongozi wa kanisa au kiongozi wa chama anaweza kufunzwa hatua hizo kwa siku moja. Anaangalia nani yuko hatarini na nani amepigwa bumbuwazi. Anasikiliza bila kuchimba. Anamuunganisha mtu na ndugu, dawa, polisi au mahali pa kulala.

Ghasia zilipotulia, mishtuko haikukoma. Septemba 2009 familia za kwanza za Soweto East zilihamishwa hadi maghorofa ya muda Lang'ata chini ya mpango wa kuboresha makazi wa serikali na UN-Habitat, na nyumba mpya 822 za Soweto East zikazinduliwa 2016. Hata uhamisho wa heri ulitenganisha mama na jirani anayemwachia mtoto, na mchuuzi na wateja wake. Julai 2018 maelfu ya wakazi wa Kibera walibomolewa nyumba kupisha barabara. Mtindo wa tiba unaodhani kwamba tukio limekwisha na mgonjwa yuko salama haukufaa sana hapa.

Mbinu zilizofuata zilitungwa kwa hali ya namna hiyo. Mwaka 2015, katika mitaa ya pembezoni mwa Nairobi, wanawake 421 waliokuwa wamepitia dhuluma za kijinsia walishirikishwa katika jaribio la mbinu ya PM+ ya Shirika la Afya Duniani. Walioitoa walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa kwa siku nane na kusimamiwa kila wiki. Kila mwanamke alipata vikao vitano vya dakika 90: kupumua polepole, kugawanya tatizo katika hatua zinazowezekana, kurudia shughuli alizoziacha, na kuimarisha uhusiano na watu wanaomsaidia. Hakuna kikao kilichomtaka asimulie dhuluma yenyewe. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba dhiki yao ilipungua zaidi kuliko ya waliopata huduma ya kawaida. Kwa vijana, Tom Osborn na wenzake walifanya jaribio la kwanza la mbinu ya Shamiri katika shule ya upili Kibera likiwa na wanafunzi 51. Waliongozwa kwa makundi na vijana waliomaliza shule karibuni, kwa vikao vinne kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, shukrani na maadili anayoyathamini. Wasiwasi na mfadhaiko wa wanafunzi hao ulipungua.

Kutokana na historia hiyo mafunzo ya leo yana vipengele vinavyofanana. Mahali pa mazungumzo hutafutwa kwanza, kwa kuwa ukuta wa mabati hupitisha kila neno; darasa tupu, ofisi ya kanisa au matembezi ya pamoja hufaa kuliko chumba cha mteja. Mteja huchagua akae wapi, mlango uwe wazi au ufungwe, na lini asimame. Anayeanza kutetemeka hurudishwa kwenye wakati uliopo kwa kuhisi sakafu miguuni au kutaja vitu anavyoviona. Mpango wa usalama huandikwa kichwani badala ya karatasi inayoweza kuonwa na mume: nani wa kumpigia, mtoto apelekwe wapi, kitambulisho kiko wapi. Simu 116 ya watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia hufundishwa kwa kukariri. Mwisho huja usimamizi wa mshauri mwenyewe, maana anayesikiliza visa vya mtaa wake hulala mtaa huohuo.

Sheria ilikuja nyuma ya kazi. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 iliweka masharti ya elimu na usajili. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2023 serikali iliwatambua zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, ikawapa mikoba ya vifaa na posho. Mgawanyo wa kazi umebaki wazi kiasi: mhudumu wa kijiji huona, hutuliza na kuunganisha, mshauri aliyesajiliwa hushika kesi nzito, hospitali kama Mbagathi na Mathari hupokea wanaotaka kujidhuru au waliopoteza uhusiano na hali halisi. Mipaka hiyo hufanya kazi pale tu ambapo anayepokea rufaa yupo na hatozi ada isiyolipika, na ngazi hiyo ya kati ndiyo iliyobaki nyembamba kuliko zote.