Latiao Ilikuwa Soya, Kisha Mto Ukafurika

Wacha nianze na aibu yangu. Juzi niliingia duka moja la vyakula vya Kichina huku Kilimani nikatoka na pakiti mbili nyekundu. Muuzaji aliniambia zote ni soya, "pilipili kidogo tu." Kidogo, wasee! Kipande cha kwanza kilikuwa kitamu, kama chapati iliyolowa sukari na mafuta ya pilipili. Kufika cha tatu midomo imekufa ganzi, kamasi zinashuka, na mkono bado unarudi kwa pakiti. Nikageuza pakiti nyuma nitafute wa kulaumu, nikapata kiungo cha kwanza ni unga wa ngano. Soya ilikuwa kwa ile pakiti nyingine.

Nikasema basi, nimeuziwa feki. Lakini nilipoanza kufuatilia, hasira iliisha.

Hiyo kitu inaitwa latiao. "La" ni ukali wa pilipili, "tiao" ni kipande kirefu chembamba. Kwao ni Pingjiang, sehemu ya milima mkoani Hunan, kusini mwa Uchina. Kabla ya latiao, watu wa Pingjiang walijulikana kwa tofu kavu: soya inalowekwa, inasagwa, maziwa yake yanagandishwa, halafu tofu inakaushwa na kupikwa na viungo mpaka inakuwa ya kahawia na ngumu kidogo. Kuna familia ziliishi kwa hiyo kazi, mtoto akirithi kwa mzazi.

Halafu ikafika 1998. Mto Yangtze ulifurika vibaya sana. Mafuriko ya mwaka huo Uchina yaliua zaidi ya watu 3,000, mamilioni wakahama makwao, na mashamba yakabaki chini ya maji. Bei ya soya ikaruka. Sasa jiweke kwa viatu vya mtu wa Pingjiang: wateja wako wengi ni watoto wa shule wenye sarafu. Ukipandisha bei, wanapita. Usipopandisha, unakula hasara kila siku. Ungefanya nini?

Walichukua unga wa ngano. Unga, maji, chumvi na sukari vinasukumwa ndani ya mashine, na ule msuguano peke yake unapika unga mpaka unatoka mkanda unaovutika, kisha unakatwa na kuchanganywa na mafuta ya pilipili. Ile kutafunika kwake kama nyama inatoka kwa protini ya ngano, ileile inayofanya unga wa chapati uvutike. Si uchawi mpya, manze. Watawa wa Kibudha Uchina walikuwa wakitengeneza "nyama" ya ngano karne nyingi kabla. Jipya lilikuwa bei na pilipili.

Na hiyo pilipili nayo ni mgeni. Ilitoka Amerika, ikafika Uchina karne ya 16, na mwanzoni watu waliipanda kama ua la kupendeza macho. Guizhou, mkoa unaopakana na Hunan, chumvi ilikuwa ghali na ya shida, kwa hivyo maskini wakatia pilipili kwa chakula mahali pa chumvi. Yaani hata huo moto ulionitoa machozi ulianza kama mbadala.

Kwa kuwa ngano nyingi iko kaskazini, Wapingjiang kadhaa wakahamia Henan. Mmoja wao, Liu Weiping, alianza biashara mji wa Luohe, na huko ladha ikaongezwa utamu. Kampuni yake, Weilong, iliingia soko la hisa la Hong Kong Desemba 2022. Kitu cha senti za mtoto!

Nisiwapake mafuta lakini. Kwa miaka mingi wazazi Uchina waliita latiao uchafu, na si bure. Machi 2019 televisheni ya taifa, CCTV, ilionyesha viwanda vichafu mpaka unasikia kutapika. Mwisho wa mwaka huohuo serikali ikaagiza latiao iwekwe kwa kundi moja nchi nzima: vyakula vya unga vilivyotiwa viungo. Kwa hivyo si siri. Hata sheria yao inajua hii ni unga.

Mimi uchafu nitaulaumu wakati wowote. Ngano siwezi. Nani hapa amesoma bordingi na hajawahi kupewa nyama ya soya kwa mchuzi? Sisi soya yetu inajifanya nyama, yao ngano inajifanya soya, na sababu ni moja: kitu halisi kilipanda bei na watu walikuwa na njaa.

Pakiti ya soya bado iko mezani, nusu. Ni nzuri, ina ladha ya maharagwe, ukiitafuna polepole inaeleweka. Ile ya ngano iliisha usiku uleule, na sikumgawia mtu.