Chachu ya Pombe Iliyotangulia na Mzozo wa Copenhagen

Kiwanda cha Carlsberg cha Valby, Copenhagen, kilikoma kuzalisha bia kwa wingi mwishoni mwa 2008, na eneo lake likageuzwa kuwa mtaa wa makazi na maduka, ingawa ni humo ulimotatuliwa mzozo uliohusu desturi kongwe ya upikaji wa pombe, yaani kutia katika pombe mpya chachu ya pombe iliyotangulia.

Chachu ni viumbe vidogo vya jamii ya kuvu vinavyoigeuza sukari ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kuwa kileo na gesi, kisha hutuama kama mashapo ambayo wapikaji wameyachota na kuyatumia tena kwa karne nyingi. J. C. Jacobsen, mwanzilishi wa Carlsberg, alijaribu kupika bia ya Bavaria katika sufuria ya mama yake ya kufulia nguo, na mwaka 1845 akaleta chachu kutoka kiwanda cha Spaten, Munich, huku akilipoza kopo lake kwa maji baridi katika vituo vya njiani.

Chachu hiyo ilirithishwa kutoka pipa hadi pipa mpaka 1883, bia ilipoanza kuwa chungu na kunuka. Emil Christian Hansen, mtafiti wa maabara ya Carlsberg, alidai kwamba mkosaji ni chachu ya mwitu iliyojipenyeza katika mashapo, lakini Jacobsen, aliyemstahi mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur kiasi cha kuagiza sanamu yake, hakukubali kwa urahisi, kwa kuwa Pasteur alikuwa amezitwika bakteria lawama za bia iliyoharibika. Hansen alizimua chachu hadi akapata seli moja moja, akazikuza pekee, akabaini aina nne ambazo moja tu ndiyo iliyotoa bia nzuri, na tarehe 12 Novemba 1883 aina hiyo ikatiwa katika pombe ya kiwanda. Alionyesha pia kwamba kuisafisha chachu kwa asidi ya tataria, kama alivyoshauri Pasteur, kuliweza kuistawisha ile ya mwitu. Jacobsen alisalimu amri, na, jambo ambalo wafanyabiashara wa leo wangeliona wazimu, akaigawa chachu safi bure hata kwa washindani wake.

Si haki, hata hivyo, kuisimulia historia hii kana kwamba maabara ndiyo iliyofundisha kila mtu, kwani wakulima wa Voss, magharibi mwa Norway, waliendelea kutunza chachu yao ya mchanganyiko, iitwayo kveik, ambayo ilikaushwa juu ya pete za mbao au vitambaa, ikaazimwa kwa jirani ilipoharibika, na hufanya kazi katika joto linalokaribia nyuzi 40. Wapikaji wa nyumbani wa sasa huchukua kwa pande zote mbili: huyahifadhi mashapo katika chupa safi ndani ya jokofu, huyarudia mara chache, na huyamwaga yanapoanza kutoa harufu ngeni.