Kichuguu kugeuzwa mlima: Asili ya msemo na hatari ya kuutumia ovyo

WAINGEREZA wana msemo wanaomtupia mtu anayepandwa na mori kwa jambo dogo: 'to make a mountain out of a molehill'. Maana yake ni kukifanya kichuguu cha fuko kuwa mlima. Aghalabu hutajiwa yule anayegombeza nyumba nzima kwa sababu ya kijiko kilichopotea, au mkubwa wa ofisi anayeitisha mkutano kwa kuwa kikombe kimevunjika.

Ili msemo huu ueleweke barabara, sharti kwanza tumjue fuko mwenyewe. Fuko wa Uingereza ni mnyama mdogo mwenye manyoya meusi laini, aishiye chini ya ardhi na kula nyungunyungu. Anapochimba njia zake husukuma udongo juu, na rundo la udongo huo kwa kawaida huwa na kimo cha shubiri moja hivi. Huharibu sura ya bustani, lakini hali mazao.

Huyo siye fuko anayejulikana na mkulima wa nyanda za juu za Kenya. Wetu ni jamaa ya panya. Hula mizizi na viazi, na mwenye shamba huenda asiijue hasara yake hadi mimea inaponyauka. Isitoshe, kichuguu cha mchwa katika sehemu nyingi za nchi hii hushinda kimo cha mtu. Anayeutafsiri msemo huu neno kwa neno, basi, humpa msomaji picha tofauti na ile aliyonayo Mwingereza.

Ulikotoka

Msemo huu ulichapishwa mwaka wa 1548 katika tafsiri ya Kiingereza, iliyosimamiwa na mwalimu na mwandishi wa tamthilia Nicholas Udall, ya ufafanuzi wa Agano Jipya ulioandikwa na msomi Mholanzi, Erasmus. Humo kichuguu kiliwekwa sambamba na methali kongwe zaidi, ile ya kumfanya nzi kuwa ndovu. Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya pili, alifunga kwa methali hiyo insha yake ya kumsifu nzi. Warusi wangali wanamgeuza nzi ndovu hadi leo, nao Wajerumani humgeuza mbu.

Hata msemo mwingine wa Waingereza, wa dhoruba ndani ya kikombe cha chai, una ukoo mrefu. Cicero wa Roma, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alimtaja mtu aliyezusha mawimbi ndani ya kata.

Kiswahili nacho hakikosi maneno. Anayesimulia kupita kiasi hutia chumvi au hupiga chuku. Anayehamaki kupita kiasi hukuza mambo. Na tazama, msomaji, jinsi lugha yetu inavyorahisisha kazi hiyo: kilima si chochote ila mlima uliopunguzwa kwa kiambishi. Kutoka kimoja hadi kingine ni silabi moja tu. Vivyo hivyo nyumba huwa jumba, na mtu huwa jitu.

Sisi wa vyumba vya habari tunalijua jaribu hilo. Madiwani wawili wakirushiana maneno, kichwa cha habari husema 'vita'. Maji yakikatika siku moja, husema 'janga'. Siku janga lenyewe litakapobisha hodi, neno litakuwa limekwisha kuchakaa, na msomaji hatashtuka.

Upande wa pili

Hata hivyo, msemo huu una makali mawili. Mara nyingi husemwa na asiyeumia kumwambia anayeumia. Mpangaji anayeonyesha ufa ukutani, mfanyakazi anayelalamikia mzaha wa mkubwa wake, mtoto anayeshika tumbo usiku kucha: wote hawa huambiwa wanakuza mambo. Baadaye ukuta huanguka, na maumivu ya tumbo huwa ni kidole tumbo kilichopasuka.

Historia ya Waingereza wenyewe inatoa ushahidi. Mapema mwaka wa 1702, Mfalme William wa Tatu alikuwa amepanda farasi karibu na kasri la Hampton Court. Inasimuliwa kwamba farasi huyo alijikwaa kwenye kichuguu cha fuko. Mfalme alianguka akavunjika mtulinga, akaugua, na mnamo Machi 8 akafariki. Mahasimu wake, waliotaka ukoo wa James wa Pili urejeshewe kiti cha enzi, wakawa wakinywa kwa heshima ya 'bwana mdogo mwenye kizibao cheusi cha mahameli'. Bwana huyo alikuwa fuko.

Wahenga wetu waliyajua hayo. Ndio walionena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.

Kabla ya kumwambia mwenzako kwamba anakifanya kichuguu mlima, basi, jiulize: jambo hili likiachwa mwezi mzima, litabaki lilivyo au litakua? Kikombe kilichovunjika kitabaki kikombe kilichovunjika. Ufa hautabaki ulivyo. Na iwapo hujui jibu, muulize yule anayelala chini ya ukuta huo.