Ufunguo usiofungua

Waandishi wa programu wana maktaba zinazohifadhi data jozi kwa jozi: jina na kitu chake. Jina hilo, "key" kwa Kiingereza, hutafsiriwa "ufunguo". Sijaridhika. Ufunguo umetokana na kufungua, kinyume cha kufunga. Huu haufungui chochote, unaita tu. Kule Kitui na Makueni mtu akisema "lete ndengu", hataji kama ziko kwenye pipa, gunia au ghalani. Chombo kikibadilika, agizo ni lile lile. Maktaba hizo ndivyo zilivyo: leo faili kwenye diski, kesho Redis, iwekayo data kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na programu yako huiandiki upya. Na kile kitu chake, "value", kinachotafsiriwa "thamani", je? Thamani ya ndengu ni bei yake sokoni mjini Wote, kule Makueni! Mimi ningesema "kilichomo".