Minervali ilivyoingia masomoni: jambo la kufikiri mbele ya kupangisha nyumba yetu



Mkutano mkuu unaokuja utaulizwa neno moja: nyumba ya chama ianze kupangishwa, ao ibaki vile ilivyo? Watu wa semina wanaitaka. Watu wa arusi wanaitaka. Kuna hata mfanyabiashara anayeomba chumba cha nyuma kiwe depo ya bia. Na sisi tuna deni la mabati, tena mchango wa kila mwezi hautoshi, kila mtu anajua. Mbele ya kunyoosha mikono, tumeona vizuri kukumbusha namna masomo yetu yalivyogeuka. Wengi wetu tulikuwa ukimbizini wakati ule, na watoto wetu wanafikiri minervali iliumbwa siku moja na milima hii ya Rurambo.

Haikuwa hivyo. Wakati wa Wabelgiji, masomo karibu yote yalikuwa mikononi mwa misioni. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilizipa misioni za Katoliki msaada wa feza. Waprotestanti wakangojea mpaka kisha vita ya pili ya dunia. Upande wetu wa Uvira ni Wapentekoste wa Sweden walioanza kufika miaka ile ya 1920. Hatusemi ilikuwa paradiso. Fimbo zilikuwa nyingi, watoto walilima mashamba ya misioni, na wasichana darasani walikuwa wa kuhesabu. Lakini mwalimu alijua mshahara wake unatoka juu, haumo mfukoni mwa baba wa mwanafunzi.

Mwaka 1974 Mobutu akayanyang'anya makanisa masomo yao. Serikali ikashindwa kuyaendesha, na tarehe 26 mwezi wa pili 1977 wakatia sahihi mkataba: makanisa yaendeshe, serikali ilipe walimu. Njo maana hata leo shule nyingi za kwetu zina jina la kanisa kwenye ubao, hata kama kisheria ni za serikali.

Mkataba ulikuwa mzuri. Aliyepashwa kulipa njo aliyeanguka. Miaka ya 1980 serikali ilikaza mkanda ili iwapendeze wakopeshaji wa kigeni, na miaka ya 1990 feza yenyewe ikafa. Wazee watakumbuka mwaka 1993, noti zilipobadilishwa: zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Mshahara wa mwalimu haukununua tena hata unga wa juma moja. Walimu wakagoma. Wazazi na makanisa, Wakatoliki wakiwa mbele, wakapatana: wazazi watoe kitu kidogo cha kumtia mwalimu moyo, mpaka serikali isimame tena. Kikaitwa prime.

Tuseme ukweli: wale watu hawakuwa wezi. Walitaka kuokoa mwaka wa masomo, na bila wao shule nyingi zingefungwa kabisa. Sisi tulioenda chuo kikuu, wengi tumesoma kwa mbuzi zilizouzwa kulipa hiyo prime. Lakini angalia yaliyofuata.

Kwanza, kile kitu kidogo hakikubaki kwa mwalimu. Sehemu ilipanda kwa ofisi ya kanisa inayosimamia masomo, sehemu kwa ofisi ya serikali, sehemu kwa wakaguzi. Kila ofisi ilikuwa na asilimia yake. Na kama unakula asilimia ya kila mtoto, utapenda watoto wawe wengi, shule ziwe nyingi, na ofisi nazo ziongezeke. Nchi nzima idadi ya shule na ofisi ikapanda, hata wakati serikali haikuwa na franga. Mahali pengine shule mbili za makanisa mawili zilitazamana, kila moja na madarasa nusu.

Kisha mwalimu akaanza kuhesabu. Uvira mjini mzazi wa sokoni analipa zaidi kuliko mzazi wa mlimani anayengoja mihogo ikauke. Basi mwalimu mzuri atashuka kwa nini asishuke? Mtoto akawa anarudishwa nyumbani asubuhi, mbele ya wenzake, mpaka alete franga. Direkta aliyekuwa anauliza "umesoma?" akaanza kuuliza "umelipa?" Hakuna aliyepiga kura ili iwe hivyo. Ilikuja tu, mwezi kwa mwezi.

Mahospitali yalipita njia ile ile. Lemera, iliyojengwa na misioni ya Sweden, Daktari Denis Mukwege alianza kazi pale mwaka 1983. Tarehe 6 mwezi wa kumi 1996 ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa ndani. Kisha vita, hospitali nyingi za Kongo, za makanisa na za serikali, zilibaki zikiishi kwa feza ya mgonjwa, na mama aliyezaa anazuiliwa wodini mpaka jamaa wauze mbuzi. Wafadhili, mtusamehe: mradi wenu unapoleta matunzo ya bure kwa miezi kadhaa tunashukuru sana, ila siku unapoisha bei inarudi, na watu hawaelewi kwa nini ugonjwa ule ule jana haukuwa na bei.

Kuondoa prime kulikuwa kazi ngumu kuliko kuiweka. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure. Ilingoja hadi mwezi wa tisa 2019 ndipo Prezida Tshisekedi akaitekeleza, na mwaka 2020 Benki ya Dunia ikakubali dola milioni 800 kuisaidia. Madarasa yakajaa mpaka watoto wakakaa chini. Walimu wa mijini walioishi kwa prime walipoteza sehemu kubwa ya pato lao, na mwaka 2021 kukawa mgomo tena. Walimu wengi hawajulikani kwenye orodha ya malipo mpaka leo. Sekondari bado inalipwa.

Sasa nyumba yetu. Leo inatumiwa na wamama wa MUSO, na watu wa kilio mvua ikinyesha, na jamaa zinazorudi zikiwa hazina pa kulala. Hao wote hawalipi. Siku semina italipa kwa siku tatu, na jamaa yenye watoto ifike jioni ya kwanza, nani atatoka? Hilo njo swali, na linapashwa kujibiwa mbele ya mteja wa kwanza kufika.

Kwa maoni yetu sisi wa kazi ya uwanjani, depo ya bia tuikatae. Semina na arusi tunaweza kuzikubali mpaka deni la mabati liishe, tarehe ya mwisho iandikwe, na asiwepo mtu wa komite mwenye asilimia, hata ndogo. Jamaa inayorudi ipewe chumba hata kama arusi imelipwa. Mwenye arusi ajulishwe hayo siku anapotoa feza. Kuna wanamemba wasiokubaliana nasi, wanasema tukifunga mlango wa franga tutabaki kuomba wafadhili maisha yote. Wana haki ya kusema hivyo, na watapewa nafasi kwanza.

Kitabu cha nyumba, kinachoonyesha nani ameitumia tangu mwanzo wa mwaka, kiko kwa katibu. Anayetaka kukisoma mbele ya mkutano apite siku ya soko.